Jabia, kisima, mfereji au mashine ya chumvi: maji yapi ya kunywa kwa Lamu na Malindi?

Kijiji kikisikia kuna fedha za maji zinakuja, baraza hugawanyika papo hapo. Wazee wanataka jabia, ule uwanja wa sakafu wa kukusanyia mvua, kwa kuwa wameikuta na wameizoea. Vijana wanataka mashine ya kuondoa chumvi, kwa kuwa wameiona Kiunga. Mwenye kiwanja anataka kisima kichimbwe kwake. Na hakosekani mmoja wa kuuliza kwa nini paipu isivutwe tu kutoka visima vya Shela, kisiwani Lamu, mambo yakaisha. Kila mmoja ana hoja. Tatizo ni kwamba wote hulinganisha kwa gharama ya siku ya ufunguzi, ilhali kuna jambo la kutazamwa kabla ya fedha: maji ya pwani yana maradhi mawili yasiyofanana hata kidogo, chumvi na vijidudu.

Chumvi ulimi unaijua. Huhitaji maabara kukuambia kisima kimeingia bahari. Chai yenyewe itakwambia. Lakini kuitoa chumvi ni kazi ya mitambo, umeme na vipuri vya kuagizwa. Vijidudu ni kinyume chake. Maji meupe, baridi, matamu kama ya pepo yanaweza kubeba kipindupindu au homa ya matumbo na usihisi chochote, lakini kuviua ni kazi ya kifuniko kimoja cha klorini au sufuria ya moto.

Kwa hiyo mimi napima hivi: chanzo nakichagua kwa chumvi, kisha vijidudu navishughulikia, chanzo kiwe kipi. Watu wengi hufanya kinyume. Huyakataa maji ya mvua kwa sababu "yana vidudu", wakakimbilia mtambo wa mamilioni, au wakang'ang'ania kisima chenye magadi kwa sababu "hakijawahi kumdhuru mtu".

Na kabla sijaingia kwenye vyanzo, liko jambo linaloleta ubishi kila likitajwa msikitini. Sote tumefunzwa chuoni kwamba maji yakifika kulateni, takriban lita 200, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Hukumu hiyo ni ya twahara, na iko mahali pake. Birika la msikiti laweza kuwa twahara kwa udhu na bado likawa si salama kwa tumbo la mtoto, kwa sababu bakteria hazibadilishi rangi wala ladha wala harufu. Anayekwambia usiyanywe bila dawa hajasema ni najisi. Ni mambo mawili, na mtu anaweza kuyashika yote bila kugombana na shekhe.

Kisima

Kisima kina sifa ambayo vyanzo vingine havina: ni chako. Hakina bili, hakingojei masika, hakitaki fundi wa kutoka Nairobi. Lakini visima viwili vya mitaa miwili vinaweza kutofautiana kabisa, kutegemea umesimama juu ya nini.

Nyuma ya Shela umesimama juu ya mchanga. Mvua ikinyesha kwenye vile vilima, mchanga huinywa yote. Maji hushuka polepole yakichujwa njiani, kisha hutua juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, na kwa kuwa matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake. Wataalamu wa maji ya ardhini wana hesabu yao: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo takriban mita 40 chini yake. Raha yake ndiyo hiyo. Karaha yake ni kwamba hesabu hurudi vilevile: ukivuta kwa pampu mpaka usawa ukashuka mita moja, chumvi hupanda kuelekea mita 40. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu tangu enzi za babu huweza kugeuka baada ya mtu kuacha ndoo na kamba akafunga pampu ya umeme. Kikishageuka, masika moja hayatoshi kukirudisha.

Hili si jambo la kubuni. Vuka hadi kisiwa cha Manda ukatazame magofu ya Takwa. Mji ule ulihamwa karne ya 17, na sababu inayotajwa zaidi ni visima kuingia chumvi. Watu wake wakahamia Shela, kwenye mchanga wenye maji. Leo tunajenga juu ya mchanga uleule, na kila anayejenga kule juu anachimba na shimo la choo.

Malindi mjini, na pwani yote kuelekea Watamu na Gede, sehemu kubwa umesimama juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huu una nyufa na matundu, na maji hupita bila kuchujwa. Ushauri wa kawaida ni kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka choo cha shimo, na kiwe upande wa mwinuko. Kwenye mchanga, mita 30 ni ngome. Kwenye mwamba wenye nyufa, maji ya choo yanaweza kuzipita mita hizo upesi, na vijidudu vikafika kisimani vingali hai. Na kwenye Mji Mkongwe wa Lamu, ambako nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta na kila nyumba ina choo chake, hizo mita 30 utazitoa wapi?

Kuna na tatizo la tatu ambalo visima vya mjini huwa nalo na watu hawalitaji: naitreti. Mkojo na kinyesi vikioza ardhini huacha naitreti, nayo huenda na maji hadi kisimani. Haina ladha. Klorini haiigusi. Kuchemsha ndiko kunakoizidisha, kwa sababu maji hupungua nayo hubaki. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, kwa sababu damu yake hushindwa kubeba hewa. Kwa hiyo naitreti naihesabu upande wa chumvi: ni kasoro ya chanzo, huwezi kuiondoa jikoni. Kisima kilichozungukwa na vyoo nakiachia kufulia, kuoshea na kumwagilia, hata kiwe kitamu vipi.

Kwa kisima kinachoonekana kuwa mbali na vyoo, kipo kipimo rahisi ambacho kamati yoyote inaweza kukifanya. Ni chupa ndogo yenye karatasi iliyotiwa dawa ndani. Unaijaza maji, unaifunga, unaiacha mahali penye joto, na joto kwetu halitafutwi. Baada ya siku moja hivi, au mbili, maji yaliyoingiwa na uchafu wa choo hugeuka meusi tii. Wale waliokuwa wakibishana barazani kuhusu utamu wa kisima hunyamaza wakiiona. Kipimo hiki si hakimu wa mwisho. Maji ambayo kwa asili yana harufu ya yai viza hukidanganya, na jibu kamili hutoka maabara, ambako maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata kijidudu kimoja cha E. koli katika mililita 100. Lakini kwa kuanzia kinatosha.

Mfereji

Kisheria mambo yako wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma ya maji iko mikononi mwa kaunti. Mji wa Lamu unahudumiwa na kampuni ya maji ya LAWASCO, maji yakivutwa kutoka visima vya Shela. Malindi ni kampuni ya MAWASCO, na maji yake hutoka Baricho, visima vilivyochimbwa kandokando ya mto Sabaki. Baricho hiyohiyo ndiyo inayonywesha pia Kilifi na Mombasa.

Ukiiweka miji hii miwili ubavu kwa ubavu, kwa chumvi Malindi ina afadhali. Baricho iko bara na inalishwa na mto, bahari haiifikii. Lamu inateka juu ya maji ya bahari yanayongoja, na kila nyumba ya wageni inayoongezwa Shela, na kila kazi inayoletwa na bandari mpya ya Lamu iliyoanza kupokea meli 2021, huongeza mdomo kwenye mtungi uleule. Lakini Lamu chanzo kiko mlangoni, mwendo wa miguu kutoka mjini. Maji ya Malindi husafiri masafa marefu na husukumwa na umeme. Umeme ukikatika Baricho, kwa sababu yoyote ile, mji mzima hutazamana na mifereji mikavu.

Na mfereji mkavu una hatari yake ambayo wengi hawaijui. Paipu ikiwa imejaa na ina presha, penye ufa maji husukumwa nje. Presha ikiisha, ufa uleule hunyonya kilicho nje: maji ya mtaro, ya karo, tope la barabarani. Kwa hiyo maji ya mwanzo baada ya mgao ndiyo machafu kuliko yote, na ndiyo hayo kila mtu anayakimbilia na madumu. Yaelekeze kwenye pipa la kufulia mpaka yaang'ae, ndipo ukinge ya kunywa.

Kampuni hutia klorini kabla maji hayajaondoka kwenye matangi yake. Swali ni kama klorini hiyo ingalipo yakifika kwako. Kiwango kinachotakiwa bombani ni angalau miligramu 0.2 kwa lita, na mara nyingi hulengwa 0.5. Afisa wa afya ya jamii huwa na kidude cha mkononi: anatia maji kwenye kijichupa, anadondosha kidonge, maji yanageuka pinki. Pinki hafifu ni heri. Yakibaki kama yalivyo, klorini imeshaisha njiani, na ya kwako inahitajika. Mtu akinunung'unika kwamba maji ya mfereji "yananuka dawa", mimi hufurahi. Yaache wazi kwenye mtungi saa chache, harufu hupotea.

Bara ya Lamu ni habari nyingine. Mpeketoni hutegemea maji ya ardhini yanayolishwa na Ziwa Kenyatta, na ziwa hilo limewahi kukauka wakati wa ukame. Sitalipimia hapa, linataka makala yake.

Jabia, birika na tangi

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu naona maji ya mvua yanadharauliwa bure.

Maji ya mvua hayana chumvi. Kwa kanuni niliyoanza nayo, yameshashinda nusu ya vita kabla hayajagusa ardhi. Visiwa vya Pate, Ndau na Kiwayu vimeishi kwa jabia miaka na miaka: uwanja wa sakafu wenye mteremko unaoikusanya mvua na kuitia kwenye tangi la chini. Nyumba za mawe za Lamu nazo zina mabirika yake, yaliyopigwa chokaa, na ndani yake visamaki vidogo. Mgeni akiviona hudhani ni mapambo. Ni walinzi: hula viluwiluwi vya mbu, na nyumba yenye birika bila visamaki utaijua usiku kwa milio.

Fanya hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu nyepesi kuliko zote. Lamu hupata karibu milimita 900 kwa mwaka. Jabia ya mita za mraba 500, ukitoa hasara ya moja ya tano kwa kunyonywa na kuruka, inakusanya lita 360,000 kwa mwaka, yaani madumu 18,000 ya lita 20. Kijiji cha nyumba 100, kila nyumba madumu mawili kwa siku ya kunywa na kupikia, kitakwenda nayo siku 90. Hizo ni Januari, Februari na Machi, miezi ya kaskazi ambayo mawingu hupita tu kusalimia. Masharti ni tangi liwe na nafasi ya kuyahifadhi. Mvua nyingi huangusha kishindo Mei, na tangi dogo likifurika, masika hurudi baharini mbele ya macho yenu. Nimeona miradi inayojivunia uwanja mpana wa kukusanyia huku tangi lake likijaa wiki ya kwanza. Fedha zikiwa kidogo, punguza uwanja, ongeza tangi.

Nyumbani hesabu ni ileile. Paa la mabati la mita za mraba 50 hutoa lita 36,000 kwa mwaka. Familia ya watu sita, wa kunywa na kupikia peke yake, haizidi sana lita 45 kwa siku. Kiangazi cha siku 120 kinataka lita 5,400. Tangi la lita 6,000 linakuvusha. La lita 1,000, ambalo ndilo wengi hununua kwa kuwa ndilo linaloingia kwenye uchochoro, ni la wiki tatu. Paa la makuti lisahau: maji yake hutoka kama chai, na makuti ni makazi ya popo na panya.

Kasoro za maji ya mvua ni za vijidudu, kwa hiyo ni za kutibika, ila hazijitibu zenyewe. Kinyesi cha kunguru paani, mbuzi wanaolala kwenye sakafu ya jabia kwa sababu ina joto usiku, punda, mtoto mwenye mpira. Jabia isiyo na ua si jabia, ni zizi lenye mteremko. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe ipite, iwe imeosha sakafu au paa, kisha ndipo mdomo wa tangi ufunguliwe. Tangi lifunikwe, mwanga usiingie, mwani hautaota. Na jambo kubwa kuliko yote ni ndoo. Kila nyumba ikija na ndoo yake na kamba yake iliyoburutwa mchangani, tangi hupokea uchafu wa kijiji kizima kila asubuhi. Pampu ya mkono, au bomba la kutolea upande wa chini, hulimaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo kuliko kitu kingine chochote kwenye mradi, na ndilo jambo linaloachwa mwisho mpaka fedha zikaisha.

Mashine ya kuondoa chumvi

Mtambo wa Kiunga ulijengwa 2018 na shirika la GivePower la Marekani. Unaendeshwa kwa nguvu za jua, na uwezo wake uliotangazwa ni takriban lita 75,000 kwa siku. Kwa mji wa mpakani ambao watu wake walishazoea kunywa maji yenye chumvi, hilo si jambo dogo, na sishangai vijiji vingine kuutamani.

Jinsi unavyofanya kazi si siri. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita. Pampu huyasukuma kwa presha kubwa dhidi ya utando ambao matundu yake ni madogo mno, maji yapite na chumvi ibaki. Presha hiyo ndiyo gharama. Mitambo mikubwa ya kisasa hula kilowati-saa 3 hadi 4 kwa kila lita 1,000, na midogo hula zaidi. Kati ya lita 10 za bahari, tarajia kama 4 za kunywa. Zilizobaki hutoka zikiwa na chumvi kali zaidi, na zikimwagwa kwenye mikoko au kwenye ghuba isiyo na mkondo, kaa na samaki watakwambia.

Wanaoiogopa mashine husema itaharibika. Jua lenyewe ni la bure, paneli hazina matata mengi. Vinavyofisha mitambo hii ni vichujio vya mwanzo ambavyo hutakiwa kubadilishwa mara kwa mara, utando ambao hudumu miaka michache tu, na pampu inayokaa kwenye hewa ya chumvi. Kila kimoja huagizwa. Kwa hiyo swali la kamati si "inatoa lita ngapi?" Ni haya: kwa bei ya dumu tutakayoweka, je, kila mwezi hubaki kitu cha akiba ya vipuri? Anayeshika akiba hiyo ni nani, na hesabu yake inasomwa wapi? Kijiji kisichoweza kujibu hayo kabla ya mtambo kufika kitayajibu baada ya kusimama.

Kuna njia ya katikati isiyozungumzwa sana. Badala ya kuvuta bahari, mtambo unaweza kuvuta kisima chenye chumvi kidogo. Kisima cha gramu 4 au 5 kwa lita kinataka presha ndogo kabisa ukilinganisha na bahari, umeme kidogo, na utando hudumu zaidi. Kama kijiji kina kisima cha namna hiyo, kianze hapo. Kwa tahadhari moja tu: usikivute mpaka ukakigeuza bahari.

Na maji yakishatoka kwenye utando yakiwa safi kabisa, huingia kwenye dumu la mtu. Dumu lililooshwa kwa mchanga na mkono hurudisha vijidudu ndani ya dakika moja. Klorini bado inahitajika.

Maji ya kununua

Punda, mkokoteni, boza, mtungi mkubwa wa dukani. Haya si chanzo, ni usafiri. Chanzo kiko nyuma yake, na wewe hukioni. Muuza maji wa Malindi anaweza kukuuzia ya mfereji asubuhi na ya kisima jioni kwa dumu lilelile na bei ileile. Onja kwanza, uliza, kisha tia dawa. Maji ya chupa tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na utazame kizibo kama kimewahi kufunguliwa. Ni maji ya safari na ya wagonjwa. Kuyafanya ya familia kila siku ni kufukarika polepole.

Ukishayafikisha jikoni

Kuchemsha huua kila kijidudu, hata vile ambavyo klorini hushindwa kuviua. Maji yakitokota kwa nguvu dakika moja imetosha, hakuna haja ya kuyaacha nusu saa. Ubaya wake ni mkaa na gesi, na kwamba yakishapoa hayana ulinzi wowote: mkono mmoja wenye kata chafu umeyarudisha yalikotoka.

Klorini ni nafuu, hata kwa mwenye kipato kidogo, na ndiyo pekee inayobaki kazini baada ya kutiwa. WaterGuard ya maji au ya vidonge iko kwenye maduka ya dawa. Soma kipimo kilichoandikwa, tia, koroga, ngoja dakika 30. Maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kwa sababu tope huila klorini kabla haijawafikia walengwa. Kwa maji ya jabia na ya mfereji, mimi nakwenda na klorini bila kusita.

Chujio la udongo au la mishumaa hupendwa kwa kuwa maji hubaki na ladha yake. Ni zuri, likioshwa. Lenye ufa halifai kitu, na ufa wa mshumaa hauonekani kwa urahisi. Jua nalo hufanya kazi: chupa safi ya plastiki isiyozidi lita mbili, maji maang'avu, ilazwe juu ya bati saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Kwa mtu mmoja anayevua au anayelinda shamba, haina mpinzani. Kwa nyumba ya watu wanane utahitaji paa zima la chupa.

Hakuna hata moja kati ya hizi nne inayotoa chumvi. Narudia kwa sababu bado wapo wanaochemsha maji ya magadi wakitumaini yatapoa yakiwa matamu.

Basi uchague nini?

Kama uko Ndau, Kiwayu au Kizingitini na fedha ni za mradi mmoja tu, nasema jabia yenye ua, tangi kubwa, pampu ya mkono na klorini. Mashine ije iwe ya pili, ya kuziba kiangazi kikirefuka, si ya kuibadili jabia. Kijiji kilichoachia jabia yake ipasuke kwa sababu mashine imekuja kimeweka mayai yote kwenye kapu moja.

Kama uko Lamu mjini, mfereji uwe wako wa kila siku na tangi la mvua liwe akiba, na kisima cha uani kibaki cha kuoshea. Ikiwa una sauti kwenye kikao chochote cha mji, itumie kutetea vilima vya Shela visijengwe. Hakuna mtambo utakaowahi kutoa maji kwa bei ambayo mchanga ule unatoa.

Malindi mjini, tatizo lako ni siku ambazo mfereji hautoki. Nunua tangi la kukuvusha wiki nzima, ulijaze maji yakishang'aa, utie klorini tangini. Nje ya mji, kuelekea mashamba ambako paipu haijafika, mabati na tangi kabla ya kuchimba. Na ukichimba kwenye mwamba wa matumbawe, pima naitreti kabla hujamwita jirani aje kuteka.

Na shule au madrasa, ambako watoto mia hunywa kutoka mtungi mmoja kwa kata moja: paa mnalo tayari. Weka mifereji ya bati ukingoni, tangi, bomba la kutolea lenye koki badala ya kata, sabuni karibu na choo, na mwalimu mmoja mwenye chupa ya klorini na daftari la kuandika siku aliyoitia na kiasi gani.